Siku Tisa za Sentimita Saba

Siku ya kwanza nilipanda bwawani nikiwa nimevaa viatu vyangu vya sikukuu ya Idi. Hakuna aliyenieleza kwamba kituo nilichopangiwa hakina mlango wala meza. Unashuka kwenye pikipiki pale kwenye kizuizi cha hifadhi, unasaini daftari la askari, kisha unatembea dakika hamsini ndani ya msitu wa Nyungwe na kuvuka vijito viwili juu ya magogo. Nilifika nikiwa nimeshika mkononi kisigino kimoja cha kiatu kilichovunjika. Papa Gaspari, aliyelilinda bwawa lile tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya kiazi cha kuchemsha. Alinitazama miguu muda mrefu kuliko uso.

"Njo weye balituma?" akaniuliza, kama ndimi niliyetumwa.

"Njo miye, Papa."

"Na hizi biatu, uko naenda ku ndoa?"

Nikamweleza kwamba naitwa Zaituni, natoka Kamembe, baba yangu ni fundi cherehani karibu na msikiti, na kwamba nimesoma ufundi wa maji miaka mitatu. Akasema maji hayajawahi kumuuliza mtu amesoma wapi. Kisha akaingia kwenye kibanda chake kisicho na mlango akanitolea mabuti ya mpira ya mwanamume aliyekuwa na miguu mikubwa sana. Niliyavaa na soksi tatu, kwa miaka miwili.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi wenzangu mliobaki mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo nitaziacha. Vilikuja vilipokuja, na vingine vilipotea njia. Nitaandika kazi yenyewe.

Kwa wale ambao hamjafika kule: bwawa letu si kubwa. Ni kijito cha mlimani kilichozuiwa kwa tuta la udongo lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, limeoteshwa majani mafupi, na nyuma yake kuna maji meusi ya msituni yanayoweza kufunika viwanja viwili vya mpira. Bomba linapita chini ya tuta na kutelemka mpaka kwenye matangi, na matangi ndiyo yanayonywesha mji. Chini ya tuta, msitu unapoishia, bonde linafunguka: mashamba ya maharage na kabichi, nyumba, shule, na daraja la watembea kwa miguu. Ni upande wa Butare, nayo ni Butare yetu ya Rusizi, si ile ya wasomi yenye chuo kikuu. Mgeni mmoja wa ofisi aliwahi kuzichanganya akapotea siku nzima, na aliporudi alisema barabara ndizo zenye makosa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Rula ya chuma, panga, ufunguo mkubwa wa kufungulia vane, yaani valvu ya maji, kopo la grisi, kitabu cha vipimo chenye jalada gumu tulichokifunga kwenye kipande cha turubai, na chupa ya limonadi ya kioo cheupe. Chupa ndiyo niliyoidharau, na ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko vyote.

Kila tuta la udongo huvuja kidogo, hata lililojengwa vizuri. Kwetu maji yaliyovuja yalikusanyika kwenye kisanduku cha zege chini kabisa, upande wa bondeni, yakatoka kupitia kibao cha chuma chenye mkato kama herufi V. Unashuka pale, unainama, unasimamisha rula, unasoma kimo cha maji kwenye mkato, unaandika. Siku za kawaida ilikuwa sentimita saba. Halafu unajaza chupa na kuinua juu kwenye mwanga, kuona kama maji ni safi.

"Tuta njo kama muntu," Papa Gaspari aliniambia wiki ile ya kwanza. "Kulia kidogo kila siku, haina neno. Siku machozi itageuka rangi, ujue kuko kitu inakula tuta ndani. Pale usingoje kesho. Ita batu."

Alikuwa mtu wa Bugarama, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, akaiacha kwa sababu ya kifua, akaja kuishi kwenye ukungu na baridi ya msituni, jambo ambalo daktari yeyote angelicheka. Hakupenda maneno mengi lakini alipenda namba. Mara moja kima aliiba rula yetu akapanda nayo mtini, na kwa wiki nzima tulipima kwa kidole cha Papa Gaspari. Kitabu kimeandikwa hivyo mpaka leo: "vidole vitatu kasoro ukucha." Heri kipimo kibaya cha kweli, alisema, kuliko kizuri cha kubuni.

Siku moja ya mvua, mwaka ule ule wa kwanza, nilisoma kipimo nikiwa nimesimama, bila kuinama, nikapanda juu na kumwambia saba. Aliniuliza saba na ngapi. Nikasema saba tu. Akanipa rula tena. Nilishuka ngazi zile za udongo kwa makalio, nikainama mpaka pua ikagusa maji. Ilikuwa saba na nusu. Niliporudi hakunisifu. Alinimegea kiazi.

Kuhusu vane ya chini, ile inayomwaga maji yote ya bwawa kwenda bondeni, alinifundisha mambo mawili. La kwanza, itie grisi kila wiki hata kama hutaifungua miaka kumi. La pili, usiifungue kabla hujajua nani yuko bondeni. Unazungusha gurudumu mara mbili, unahesabu mpaka mia, unazungusha tena. Ukiifungua kwa haraka unatuma mto mzima kwa watu wanaofua nguo.

Magoti yake yalipokataa zile dakika hamsini, alirudi kwao Bugarama, na bwawa likabaki mikononi mwangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, miaka mingi. Nilizaa watoto watatu, nikanunua mabuti ya saizi yangu, na wanaume wawili pale ofisini waliosema mwanamke hatamaliza mwaka wakazoea kuniona nikirudi na matope magotini. Walizoea, lakini walikuwa bado wanangoja.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kalamu iishe wino.

Ilikuwa wakati wa itumba, mvua zile ndefu, na mwaka huo zilishuka bila kupumzika. Jumatatu moja nilikuwa nimeshavuka gogo la kwanza. Nikasimama kumwaga maji yaliyoingia kwenye buti. Nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, nimeshika mti, nilisikia sauti kama lori linalomwaga mawe, na mlima ukatembea mbele yangu. Miti ilishuka ikiwa wima, pamoja na mizizi yake, ikapita pale pale ambapo ningekuwa kama buti lisingeingia maji. Halafu kimya. Harufu ya udongo mbichi ilinijaa puani mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

Nilirudi mpaka kwenye gogo, nikakaa chini ya mwamba mmoja unaokinga mvua. Nilikaa muda unaotosha mtu kwenda bwawani na kurudi. Kisha nikafungua turubai, nikafungua kitabu, nikaandika tarehe, sentimita saba, maji safi. Pale kizuizini nilimwambia askari kuna udongo umeanguka njiani. Nikamuaga.

Askari wale ni watu wa kazi. Kufikia Jumatano walikuwa wamekata njia ya kupitia juu ya maporomoko. Njia ilipitika, miguu yangu ndiyo iliyogoma. Nilifika kwenye gogo, nikatazama ule mlima uliochanika, nikakaa tena chini ya mwamba. Sentimita saba, maji safi. Ijumaa hivyo hivyo.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema, wangenipa mtu wa kunisindikiza, labda hata siku ile ile. Lakini ningelazimika kutamka kwamba ninaogopa, na wale wanaume wawili walikuwa wamelingoja neno hilo tangu siku ya viatu vya Idi. Nikajiambia tuta limesimama miaka yote hiyo, halitaanguka kwa kunikomoa mimi. Nyumbani sikuweza kula. Mume wangu aliuliza kama ni tumbo, nikasema ni tumbo. Kila mvua ilipopiga bati la nyumba yetu Kamembe, niliacha nilichokuwa nikifanya na kusikiliza, kana kwamba bwawa lilikuwa nyuma ya ukuta.

Wiki tatu. Siku tisa za kupima ambazo sikupima.

Alhamisi ya mwisho wa wiki ya tatu, Injinia Deo, aliyekuwa mkuu wetu wakati huo, alinikuta kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa kijana kuliko mimi, amesoma Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ile ya mto Rusizi.

"Maman Zaituni, kesho kutwa tunapanda pamoja," alisema. "Ile mvua imezidi. Nataka kuona bwawa na macho yangu."

Nikasema sawa, Injinia. Ijumaa ile niliandika saba ya siku ya tisa nikiwa chini ya mwamba, bila kuutazama ukurasa, na saba ile ikafanana na moja.

Jumamosi tulipanda kwa pikapu. Hamisi, dereva wetu, alibaki na gari kizuizini, kwa sababu hakuna barabara zaidi ya pale. Askari mmoja wa hifadhi alitusindikiza akiwa na bunduki na redio ya mkononi, maana simu hazishiki kule ndani. Mvua haikuwa kubwa, ila ilinyesha bila kubadilika, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vichwa vyetu. Nilitembea katikati yao. Tulipopita juu ya maporomoko nilitazama visigino vya askari tu. Nilikuwa na hofu mbili, moja ya mlima na moja ya kitabu kilichokuwa chini ya koti langu, na sikujua ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Bwawa lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Maji ya ziada yalikuwa yakitoka kwenye mfereji wake wa pembeni kama yalivyopangwa, na Injinia Deo akafurahi kidogo. Akasema, "Iko inafanya kazi." Tukashuka chini kwenye kisanduku.

Nilijua kabla ya kuinama. Sauti ya maji kwenye mkato ilikuwa nyingine, nene. Niliweka rula. Tisa na nusu. Nikajaza chupa, nikaiinua, na hakukuwa na haja ya mwanga. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Injinia Deo aliichukua chupa akaigeuza geuza. "Inaweza kuwa mvua tu," alisema. "Udongo wa pale juu unaoshwa, unaingia ku kisanduku. Kitabu inasema nini?"

Nilimpa. Alikifungua chini ya mwamvuli aliokuwa ameushika askari, akapitisha kidole kwenye safu. "Saba, saba, saba, saba. Jana saba, mayi safi." Akashusha pumzi. "Basi hii imeanza leo, na leo kuko mvua. Njo kama nilisema. Kama tuta lingekuwa linaliwa ndani, ingepanda pole pole, tungeona hapa. Nikifungua vane leo, Kamembe inakauka yote, hata hospitali. Tungoje Jumatatu."

Alikuwa sahihi. Yeyote kati yenu, akiwa na kitabu kile mkononi, angesema hivyo hivyo. Alikuwa ameanza kukifunga kwenye turubai.

"Injinia," nikasema, "hiyo kitabu usiiamini."

"Namna gani?"

"Ile saba ya jana sikupima. Na ya Jumatano. Tangu mulima ulishuka pale njiani, miye sijafika hapa. Siku tisa yote niliandika nikiwa pale ku gogo."

Askari aligeuza uso akatazama miti, kama mtu aliyeingia chumbani kwa wenyewe kwa bahati mbaya. Injinia Deo hakunikemea. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ukingo wa kofia yake, na aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

"Kwa hiyo hatujui ilianza lini."

"Hatujui."

"Inaweza kuwa na wiki tatu."

"Inaweza."

Akakitazama kitabu, akakiweka chini juu ya zege, kwenye mvua. "Fungua vane."

"Bado," nikasema. Sikuwahi kumwambia mkuu wangu neno hilo. "Kuko batu bondeni. Leo ni siku ya kufua, hata na mvua, na batoto ba mazoezi ya mtihani banatoka shuleni saa sita, banapita ku daraja."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Askari aliita kizuizini kwa redio, kizuizini wakamwambia Hamisi, na Hamisi akaondoka na pikapu kuzunguka kwenda bondeni. Huko simu zinashika. Tulikubaliana kwamba akimtoa mtu wa mwisho atapiga kizuizini, na kizuizini watatuambia. Hapakuwa na jingine la kufanya isipokuwa kungoja.

Nimefanya kazi nyingi ngumu, lakini hakuna iliyonichosha kama zile dakika arobaini za kukaa. Kila baada ya dakika tano nilipima. Tisa na nusu. Kumi. Kumi na robo. Maji ya chupa yalizidi kukolea rangi. Injinia Deo alitembea juu ya tuta kwenda na kurudi, akikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Niliwaza wale watoto, niliwaza kwamba saa za kengele ya shule hazingojei. Niliwaza pia, na hili nalisema kwa sababu nimeahidi kuandika kazi yenyewe, kwamba kama tuta lingeanguka sasa hivi labda lingenichukua mimi kwanza, na nisingeulizwa kitu.

Injinia alishuka akasimama karibu nami. "Uko naogopa, Maman?"

"Niko naogopa."

"Miye vilevile," akasema, akapanda tena.

Redio ilikohoa. Watoto walikuwa wamepandishwa upande wa barabara kuu na mwalimu wao. Wanawake wa kufua walikuwa wametoka. Lakini mama mmoja, Mama Verediana, alikuwa amerudi kando ya kijito kufungua mbuzi wake, na Hamisi alikuwa anamfuata. Kumi na nusu. Askari aliiweka redio sikioni akafumba macho. Sijui tulingoja muda gani hapo, kwa sababu sikuweza kuitazama saa. Kisha sauti ikatoka, mbali na yenye mikwaruzo: "Bote bametoka. Na bambuzi bametoka."

Nilishika gurudumu la vane, na gurudumu halikutikisika. Wiki tatu bila grisi katika mvua ile. Niliweka ufunguo, nikaning'inia, hakuna kitu. Injinia akachomeka kipande cha bomba kwenye ufunguo ili kuurefusha. Askari akavua koti lake, akafunikia bunduki juu ya jiwe, akaja. Tukasukuma watu watatu, mabega yakigusana, na mimi nikisoma kimoyomoyo dua aliyonifundisha mama. Kikatoka kilio cha chuma, na gurudumu likaenda kidole kimoja. Halafu mkono. Halafu maji yakanguruma chini ya miguu yetu.

Mara mbili, hesabu mpaka mia. Nilihesabu kwa sauti. Injinia alitaka kuzungusha zaidi, nikamzuia kwa mkono, akakubali.

Kufikia saa tisa maji yalikuwa yameshuka kimo cha mtu. Hapo ndipo tulipoona, upande wa ndani, karibu na pale linapopita bomba, maji yakizunguka polepole kama uji unaokorogwa. Tukahamia kwenye mwamba wa pembeni. Kisha sehemu ya tuta, yenye ukubwa wa jiko la nyumbani, ikakaa chini. Haikuanguka. Ilikaa, kama mzee anavyojishusha kitini, ikatoa maji ya matope, ikatulia. Maji yaliyobaki hayakuwa na kimo cha kuisukuma zaidi. Injinia Deo alikaa kwenye tope na suruali yake ya ofisini. Askari akaanza kutafuta koti lake.

Bwawa lilipokauka tulikuta tundu kando ya bomba. Niliingiza mkono mpaka begani nisiguse mwisho. Wataalamu walikuja kutoka mji mkuu wakabishana. Mmoja alisema tuta lingesimama mpaka Jumatatu, mwingine akasema lisingefika alasiri ile. Mimi sikuuliza nani alikuwa sahihi.

Mji ulikosa maji zaidi ya wiki mbili. Kamembe walinisema sana, na baba yangu alisikia mengine akiwa kwenye cherehani yake, wateja bila kujua kwamba wanamsema binti yake. Maji tuliyoyamwaga yalichukua daraja na mashamba matano ya kandokando. Moja lilikuwa la Mama Verediana. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta akiokota vichwa vya kabichi kwenye mchanga.

"Weye njo ulifungua mayi?" akauliza.

"Njo miye, Maman."

"Na weye njo ulituma ule dereva anitoe?"

"Njo miye."

"Sasa nianze na gani?" akasema. Kisha akanipa jembe. Nililima naye mpaka karibu na Alasiri, tukifukua mchanga kwenye matuta yake. Habari za kitabu sikumwambia.

Injinia Deo aliandika yote kwenye ripoti, bila kuongeza wala kupunguza, akanisomea kabla ya kuituma. Waliniondoa bwawani. Mwaka mmoja na nusu nilisoma mita za majumbani mjini, kazi inayomfundisha mtu ni nyumba zipi zina mbwa na ni zipi zina mbwa lakini zinasema hazina. Tuta lilipokwisha kujengwa upya, Injinia aliniita.

"Niko na batu batatu banataka ile kazi," alisema. "Hakuna hata mumoja anaogopa pale mahali. Sitaki muntu asiyeogopa." Nilirudi, na tangu hapo sikukosa hata siku moja, ingawa kila nilipopita kwenye maporomoko moyo uligeuka kutaka kurudi. Haukuzoea kamwe. Nilijifunza tu kutembea nao.

Kabla ya kurudi kazini nilishuka Bugarama kumwona Papa Gaspari. Alikuwa mzee sana, amekaa uani akiangalia mpunga wa jirani. Nilimweleza kila kitu, hata saba iliyofanana na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, Papa."

Akarudisha macho kwenye mpunga. "Miye kumi na moja," akasema. "Mwaka ule kifua ilinibana. Niliandika nikiwa nimelala kibandani. Hakukutokea kitu. Tuta ilikuwa nzima." Akapangusa macho, nayo ya wazee hulia yenyewe. "Kama kungetokea kitu, ningekuambia. Sababu hakukutokea kitu, nilinyamaza, na weye ukasoma kwa muntu ule nilikuonyesha, si kwa miye. Ubaambie batoto ba kazi, Zaituni. Usifanye kama miye."

Nilimwahidi. Alifariki itumba iliyofuata, na miaka ikapita bila mimi kumwambia yeyote. Wale waliojua walihamishwa mmoja mmoja, Injinia Deo naye akapelekwa mbali, na ninyi mliokuja mkanikuta nikisifiwa kwamba sikosi siku hata moja.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi Asteria funguo. Ni binti makini, mnamjua. Alivifungua vitabu vya zamani kimoja kimoja pale kibandani, akafika kwenye kurasa ambazo Injinia aliniamuru nizipige mistari myekundu, siku tisa, safu baada ya safu. Akaniuliza, "Maman, hapa kulikuwa nini?"

Nikamwambia, "Mvua ilikuwa mingi. Wino ilimwagika."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Nilitelemka msituni peke yangu, nikiwa na dakika ishirini tu za kustaafu, na tayari nilikuwa nimeandika siku ya kumi.

Asteria, wino haukumwagika. Ile mistari niliichora mimi, na sababu yake ndiyo hii uliyoisoma.